Kadi yako haifanyi kazi

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuliulizana ni neno gani la Kiswahili limewahi kukutia aibu. Wenzangu walijibu, tukacheka, zamu yangu ilipofika nikabadilisha mada. Sasa nalipa deni. Langu ni sentensi nzima, na niliisema Jumamosi moja ya Januari, mbele ya meza ya mamangu sokoni.

Mamangu anauza sambusa, mahamri na mbaazi za nazi kwenye soko la wakulima la msimu wa baridi hapa Portland, jimbo la Maine. Kwa ambao hamjafika huku, tuko kwenye pwani ya Atlantiki, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani. Soko la wakulima la mji huu lilianza 1768, kabla Marekani yenyewe haijawa nchi. Kiangazi wauzaji hupanga meza zao kwenye bustani ya Deering Oaks, chini ya miti. Theluji ikianza kukaa, soko linahamia ndani ya jengo. Unaingia miwani yako ikijaa ukungu, unavua glavu, unafuata harufu.

Najua ndugu zangu wa Mombasa mtauliza: barafu imefunika shamba, wanauza nini? Wanauza vilivyovunwa kabla ya barafu vikahifadhiwa, yaani viazi, vitunguu, kabeji, maboga na karoti. Wanauza na spinachi ya kwenye vitalu nyumba. Karoti na mboga za baridi zina utamu wake, maana mmea ukipigwa na baridi hugeuza wanga kuwa sukari ili usigande upesi. Mamangu alipoonja karoti ya Desemba mara ya kwanza alinitazama akasema, "Hawa wamezitia sukari, hawa."

Sisi tunaingia pale na chakula kilichopikwa, na hapo ndipo kazi ilipo. Sambusa za nyama huwezi kukaanga jikoni kwako ukaenda kuziuza. Lazima utumie jiko lenye leseni, kwa hiyo mama hukodi jiko kwa saa. Ijumaa jioni tunasukuma manda na kujaza nyama, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunakaanga, saa tatu tuko mezani. Chakula cha moto kinatakiwa kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi mpaka mteja akichukue. Basi kila baada ya muda nachoma kipimajoto kwenye hotpoti, naandika namba kwenye daftari. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza.

Kazi yangu ya pili ni kuwa mdomo. Mama anajua Kiingereza cha kuuzia: bei, pilipili ipo, pilipili haipo, karibu tena. Maneno marefu, fomu, na watu wa kukagua ni mimi. Na kwa kuwa nimezoea kuwa mdomo wake kwa Kiingereza, nilijiona naweza kuwa mdomo wa soko zima kwa Kiswahili.

Jirani yetu wa meza ni mzee anayeuza unga wa mahindi na vitunguu saumu. Yeye ni Mzigua wa Somalia, wale ambao mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka upande wa Tanga, na mpaka leo Kizigua chao kipo. Kiswahili alikipata kambini Kakuma, Kenya, kabla ya kuletwa Marekani. Yeye na mama wanasalimiana kila mmoja kwa lugha yake, wanakutana katikati. Mkumbukeni mzee huyu, anarudi.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Mama alikuwa upande wa pili wa meza akihesabu chenji. Akaja mwanamke mmoja na watoto wawili, wamevaa makoti makubwa ya kupewa, mikono mirefu kupita vidole. Akasema kwa Kiswahili cha Kongo, "Sambusa iko bei gani, mwanangu?" Nikafurahi kweli. Nikamwambia bei, nikafunga sambusa mbili kwenye karatasi, nikampa mtoto mkubwa. Mama yao akatoa kadi ya EBT.

Mlioko Uingereza na Ghuba, EBT ni kadi ambayo kila mwezi huwekwa pesa za chakula za serikali kwa familia yenye kipato kidogo. Mpango wenyewe unaitwa SNAP. Sokoni unapitisha kadi kwenye meza ya maelezo, unapewa tokeni, na tokeni hizo ndizo unazonunulia vyakula mezani kwa wauzaji.

Nilichojua mimi ni kimoja tu: sisi hatupokei tokeni. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza tulipopewa meza, nikakariri. Sasa ningesemaje? Watu nyuma yake wanasogea, kichwani mwangu kuna sentensi ya Kiingereza iliyokamilika kabisa, naigeuza neno kwa neno. Ikatoka hivi:

"Kadi yako haifanyi kazi hapa."

Hilo "hapa" nadhani nililimeza, maana aliniuliza, "Haifanyi kazi?"

"Hapana, haifanyi."

"Tangu lini?"

Nikadhani anauliza sheria ilianza lini. Nikamjibu, tena kwa sauti ya mtu anayejua, "Tangu zamani."

Akarudisha kadi mfukoni taratibu. Akachukua karatasi ya sambusa mkononi mwa mtoto, akaiweka mezani, akainyoosha mikunjo kana kwamba ameichafua. Akasema, "Aksanti," akaondoka. Nikamhudumia aliyefuata.

Saa saba tulipokuwa tunafunga, mzee akaja kwa mama. Hakunitazama mimi. "Mwanao kamwambia mama wa watu kadi yake imekufa."

"Sikusema imekufa!" nikaruka.

"Ulisemaje?" mama akauliza.

Nikarudia. Mama akaacha kukunja kitambaa cha meza.

"Redio isiyofanya kazi ni redio gani?"

"Mbovu."

"Na mguu usiofanya kazi?"

Nikanyamaza.

"Sasa kadi yake ilikuwa na nini? Kadi nzima. Ni sheria inayokataa, wewe ukaitia kadi ugonjwa." Halafu akauliza lililoniuma zaidi: "Na kwa nini hukuniita? Nilikuwa hatua tatu."

Sikuwa na jibu la kumpa. Ninalo sasa, na nadhani wengi wenu mnalo pia. Sikumwita kwa sababu nilitaka mtu anione nikisema Kiswahili mwenyewe, bila mama. Tunasifiwa sana sisi. "Aa, kumbe unaongea!" Ukishazoea sifa hiyo, kuuliza neno kunaonekana kama kushindwa.

Hatukujua jina lake wala anakoishi. Mama akaanza kuuliza kwa njia yake: kwenye duka tunakonunua unga na viungo, kwa wenzake wa kazini, kwa mwanamke anayesuka nywele. Siku ya tisa akapata namba. Akapiga, akasalimia vizuri, habari za watoto, habari za baridi, akaeleza yeye ni nani. Kisha akaniwekea simu mbele. "Sema wewe."

Nikasema. Upande wa pili kukawa kimya, halafu yule mama akaanza kueleza. Wiki ile ile aliyokuja sokoni alipokea barua kutoka ofisi ya jimbo, kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Aliibandika kwenye friji akisubiri mtu wa kumsomea. Aliponisikia nikisema kadi haifanyi kazi tangu zamani, aliunganisha: barua ndiyo hiyo, wamemkatia. Akaogopa kwamba kuna kosa amefanya. Aliogopa hata kuijaribu kadi dukani, asije akaonekana mwizi. Kadi ikakaa kwenye droo siku tisa, na chakula akanunua kwa pesa alizoweka za mafuta. Huku kwetu nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta, tangi likikauka Januari si mchezo.

Nikamwomba anitumie picha ya barua. Hawakuwa wamemkatia chochote. Walimtaka athibitishe taarifa za familia, na tarehe ya mwisho ilikuwa bado siku sita. Tulijaza kwa simu, mama akitafsiri pale niliponasa, nami nikimwita kila nilipokwama. Niliita mara nyingi. Kama tungempata wiki moja baadaye, nahisi kadi ingekwama kweli, na maneno yangu ya uongo yangegeuka ukweli.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye meza ya maelezo kuuliza swali ambalo misimu miwili sikuwahi kuliuliza: kwa nini? Wakanieleza kwa dakika mbili. Kwa kawaida sheria ya SNAP hairuhusu chakula cha moto kilicho tayari kuliwa. Kinachoruhusiwa ni chakula cha kupeleka nyumbani.

"Na sambusa hii hii ikiwa baridi?"

Ikiwa baridi, kwenye pakiti, inaruhusiwa.

Nilirudi mezani nimeishiwa nguvu. Misimu miwili tulikuwa tukiwaambia watu wetu wenyewe hapana, na jibu lilikuwa kwenye friza. Mama hakunikemea. Aliuliza tu, "Pakiti iwe ya ngapi?"

Ilituchukua wiki tano: friza ya kubeba, pakiti, lebo yenye jina, uzito, viungo vyote na onyo kwamba ndani kuna ngano, na ruhusa ya soko. Mjomba alishauri tuokoe pesa za friza, tuziweke barazani, si barafu ipo ya bure? Mama akamwambia barafu ya Mungu haina kipimajoto cha kuonyesha mkaguzi. Machi tukaanza kuuza sambusa kumi na mbili zilizogandishwa kwa pakiti. Wa kwanza kununua hata hakuwa na tokeni. Alikuwa babu wa Kimaine, akataka nne, akauliza zinakaangwa kwa mafuta gani. Lakini tokeni nazo zikaja, na kila Jumamosi mama huzihesabu mwisho, peke yake, polepole.

Mwisho wa Machi yule mama wa Kongo alirudi. Alipitisha kadi, akapata tokeni zake, akachukua pakiti moja kwetu. Hapa Maine kuna nyongeza pia: ukitumia SNAP sokoni unapata thamani ya ziada ya kununulia matunda na mboga za humu jimboni. Ya kwake aliimalizia kwenye kabeji na karoti. Akamuuliza mzee lenga-lenga, mzee akamwambia asubiri mpaka jua la Julai, watu wake wa Lewiston huzipanda. Akasimama na mama kama dakika kumi wakizungumza habari za watoto. Watoto walikula sambusa za moto, na hizo mama hakuziandika popote.

Mimi hakunisemesha. Nilimwamkia, akaitikia, basi. Nilitamani anitanie kidogo ili nijue yamekwisha, lakini hakuwa na deni hilo kwangu. Alipokuwa anaondoka tu, alinigeukia: "Wewe mtoto, siku ingine kama haujui, uliza mamako."

Nimelibeba hilo mpaka leo. Wengi wetu ndio wasomaji wa barua za nyumbani, ndio wa kwenda hospitali na shangazi, ndio wa kupokea simu ya mwenye nyumba. Tunadhani hatari ni kuchekwa lafudhi. Mtu akikucheka, anarudi nyumbani na kadi yake mfukoni. Ukimpa neno lisilo lake kwa sauti ya kujiamini, anarudi nalo na kuliishi.

Basi ya kuondoka nayo wiki hii, yasemeni kwa sauti:

Kitu kikiharibika: "Haifanyi kazi. Ni mbovu."

Pesa zikiisha: "Kadi ni nzima, ila haina salio."

Sheria ikikataa: "Kadi yako ni nzima na ina pesa. Sheria ndiyo hairuhusu chakula cha moto. Za baridi hizi hapa, unaweza kuchukua."

Na hii nyingine, ambayo mimi huisema sasa hata foleni ikifika mlangoni:

"Ngoja kidogo, nimuulize mama."

Tuonane wiki ijayo. Mlioko karibu na Portland, Jumamosi saa tatu, njooni mapema. Mahamri huisha kabla ya saa tano.