Mwenye Kupooza na Sala Yake

Mwezi uliopita tulikwenda kumzuru kijana mmoja wa hapa Kinyerezi, aliyeanguka na bodaboda akavunjika shingo. Tulimkuta amelala chali, akili timamu, ulimi fasaha. Tulipomwuliza habari ya sala, mamaye akajibu kwa niaba yake: "Maalim, huyu hana sala tena. Mkojo watoka kwa mpira, atatoharika vipi?" Kijana akageuza macho ukutani.

Basi fahamuni maradhi yenyewe. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna ugwe upitishao amri za ubongo. Ukikatika, vilivyo chini ya hapo havipati amri. Aliyeumia mgongoni hupoteza miguu, mikono ikabaki. Aliyeumia shingoni hupotewa na miguu na mikono pia. Wa pingili ya 5 mara nyingi huweza kukunja kiwiko asiweze kukikunjua, na wa pingili za juu kabisa hata pumzi humshinda. Lakini akili haimo katika vilivyokatika, na faradhi ya sala imefungwa na akili.

Mtume s.a.w. alimwelekeza Imran bin Husayn asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Wanazuoni wetu wa Kishafii wakabainisha kuwa asiyeweza kuinamisha kichwa huashiria kwa macho, na asiyeweza hilo huipitisha sala moyoni. Ama mpira, hukumu yake ni ya mwenye kutokwa na mkojo daima: hutawadhishwa baada ya wakati kuingia, kwa kila faradhi, nia ikiwa yake mwenyewe.

Nanyi mnaomtawadhisha, maji ya moto yapimeni kwa kiwiko chenu, kwani ngozi yake yaweza kuungua asijue. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, asipate vidonda. Wako wadhanio kumgeuza kila sala kwatosha; baina ya Isha na Alfajiri je? Na akiumwa kichwa ghafula huku uso watoka jasho, huenda mpira umeziba na damu imepanda: mkalisheni kitako, mlegezeeni nguo, ukunjueni mpira, kisha hospitali upesi.

Adhuhuri iliingia tukiwa pale. Mamaye akaleta maji. Tuligeuza kitanda, miguu ikaelekea kaskazini kunako Kibla, kichwa tukakiinua kwa mto, akasali kwa macho. Alipomaliza alituuliza habari ya sala za miezi 8 zilizompita. Tukamwambia atazilipa, kidogo kidogo. Akaomba aanze na Alfajiri ya siku ile.