Mwanga Uanzie Njia ya Kutokea

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika huru na Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Kilimanjaro. Tendo hilo lilitimiza nia aliyoitangaza Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1959 katika Baraza la Kutunga Sheria, ya kuwasha mwanga juu ya mlima huo ili ung'ae hata nje ya mipaka yetu.

Hebu tuutazame Mwenge huo kwa jicho la fizikia. Kutoka mjini Moshi hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Mwangaza hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara 2, mwangaza hubaki robo, ukiongezeka mara 10, hubaki sehemu moja ya mia. Mtu aliye Moshi yuko mbali mara 30,000 kuliko mtu aliye mita moja kutoka kwenye moto, kwa hiyo fungu lake la mwanga limegawanywa kwa 900,000,000. Mshumaa wa kawaida uliowashwa kileleni usingeonekana kwake kwa macho matupu. Hata hivyo taifa zima liliuona Mwenge ule, kwa sababu ulikuwa ishara, na ishara haitawaliwi na kanuni hiyo. Taa za shughuli zetu za usiku zinatawaliwa nayo.

Kwa hiyo yafaa tutofautishe taa za kuonekana na taa za kuonea. Kwa maoni yangu, kosa kubwa tunalolifanya tunapoandaa shughuli za nje ni kugharimia zile za kwanza na kuzisahau hizi za pili.

Kila Desemba, wenyeji wa Marangu, Kibosho, Machame na Rombo wanaoishi mbali hurejea nyumbani, na migombani huwa na harusi, ubarikio na ibada za shukrani. Kamati ya maandalizi hujadili chakula, mapambo na muziki kwa wiki kadhaa. Suala la taa huachiwa fundi wa muziki, naye huelekeza taa zake jukwaani na kwenye meza kuu. Njia ya kuingilia haina msemaji katika kamati, maana wageni waliipita mchana.

Nilihudhuria harusi moja ya namna hiyo Kibosho. Yapata saa 3 usiku jenereta lilizimika, na watu wapatao mia tatu wakaanza kutoka kwa pamoja kwa njia moja nyembamba inayopakana na mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Bibi mmoja alitumbukia mferejini akavunjika kifundo cha mkono. Binti wa kidato cha tatu ndiye aliyetuokoa wengine. Alisimama ukingoni mwa mfereji, akamulika chini kwa simu yake, akawa anamwambia kila apitaye: "Shikamoo. Pitia huku, mfereji uko hapa." Binti yule alikuwa amefahamu jambo ambalo kamati nzima haikulifahamu, kwamba mwanga hupelekwa mahali mguu unapokanyaga.

Yapo maafa makubwa zaidi ya hayo. Tarehe 1 Februari, 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana usiku katika mkutano wa maombi, umati uliposongamana ili kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa. Sisemi kwamba giza ndilo lililowaua. Msongamano una sababu zake. Nasema tu kwamba umati wa usiku ni hatari kuliko umati wa mchana, kwa kuwa mtu asiyeona aliyeanguka mbele yake hawezi kusita kwa ajili yake. Mpango wa taa ni sehemu ya kulinda uhai.

Jiografia nayo inatubana. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilizoea jioni ndefu za mwezi Juni, ambapo giza huja taratibu na mwandaaji huwa na wasaa wa kurekebisha taa zake. Moshi iko karibu na Ikweta, na jua huzama takriban wima. Mwaka mzima huzama saa 12 na nusu jioni hivi, na baada ya dakika 20 au 25 mwanga wa kufanyia kazi umekwisha. Asiyejaribu taa zake kabla ya machweo amechelewa. Wala tusiutegemee mwezi: mwezi mpevu hutoa mwangaza usiofikia hata nusu ya ule wa mshumaa mmoja ulio umbali wa mita moja, na juu yetu kuna mawingu ya mlima na majani ya migomba.

Jicho pia lina taratibu zake. Huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza barabara, lakini hupoteza mazoea hayo mara moja likipigwa na taa kali. Mgeni atokaye chini ya turubai lenye mwanga mwingi na kuingia gizani huwa kama kipofu kwa hatua zake za kwanza, nazo ndizo hatua za ngazi na mfereji. Kwa sababu hiyo taa moja kali langoni haitoshi; tena ikimulika machoni mwa watu hudhuru. Taa ndogo nyingi, zilizopangwa kandokando ya njia na kuelekezwa chini, hufaa zaidi.

Watu watauliza juu ya gharama. Taa ya LED ya wati 10 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya kizamani ya wati 60. Taa 10 za aina hiyo hutumia wati 100. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 huhifadhi wati-saa 600; tukitumia nusu yake tu ili tusiiharibu, taa hizo zitawaka kwa saa 3 bila kutegemea jenereta wala umeme wa gridi. Jenereta likizimika, muziki utanyamaza, lakini njia itaonekana. Gharama hiyo haishindani na ya mapambo.

Waya nazo zisidharauliwe. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5 na urefu wa mita 50, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 1.2 hivi. Ukipitisha ampea 10, volti 12 hupotea njiani, na wati 120 hugeuka joto ndani ya waya wenyewe. Waya ulionyooshwa hulitoa joto hilo hewani. Ulioachwa umeviringishwa hulihifadhi hadi plastiki yake iyeyuke. Viungio vilivyolazwa kwenye nyasi zenye umande ni hatari pia. Viinuliwe, vifunikwe, na saketi ilindwe kwa swichi inayokata umeme unapovujia ardhini.

Ndugu walimu, hapa pana somo tayari. Wapelekeni wanafunzi kwenye uwanja wa shule usiku mmoja kabla ya mahafali. Wapime njia kwa hatua, wachore ramani yake, watie alama kila ngazi, mtaro na lango, kisha wakadirie taa zinazohitajika. Halafu zimeni umeme mkuu kwa makusudi, mkiwa wachache, mwone ni nani anayeweza kufika langoni bila kujikwaa. Kanuni ya mraba wa umbali wataielewa kwa miguu yao.

Nanyi wanafunzi, mtakapoketi katika kamati za shughuli, ombeni kwamba ajenda ya kwanza ya taa iwe njia ya kutokea, ya pili maliwato na jiko, ya tatu maegesho ya magari, na jukwaa liwe la mwisho. Bwana na bibi harusi wataonekana tu. Bibi aliyekuja kuwabariki anastahili kurudi kwake salama.