Lugha Isiyo na Mama

KIBATARI CHA JUMAPILI
Na Konsolata wa Kilema

Bibi yangu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Lakini ilipofika Baraka ya Sakramenti Kuu alifumba macho akaimba Tantum Ergo mwanzo hadi mwisho, Kilatini kitupu, bila kitabu. Nilipomuuliza maana yake, alinijibu kwa Kichagga kwamba Mungu anaelewa.

Nimemkumbuka kwa sababu ya bwana mmoja niliyekaa naye juzi tukisahihisha insha za shindano la vijana. Alifika kwenye insha ya mtoto wa bara, akakwama penye sentensi moja: “Mvua ilipita mbali bila kutusalimu.” Akavua miwani. “Pwani hatusemi hivi,” akasema. “Huyu lugha ameikuta darasani. Fasihi, dada yangu, hunyonywa kwa mama.”

Sikumjibu pale. Namjibu leo, na shahidi wangu ni wimbo wa bibi.

Tantum Ergo ni beti mbili za mwisho za utenzi ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, uliotungwa kwa ajili ya sikukuu ya Mwili wa Kristo iliyotangazwa mwaka 1264. Tomaso hakunyonya Kilatini. Kwao, kusini mwa Italia, watu walisema lugha yao ya nyumbani. Kilatini alikisoma kama wenzake wote wa zama zile: kwa sarufi, kwa kukariri, na aliyezembea kwa fimbo. Dola la Roma la magharibi lilikuwa limeanguka tangu 476. Kufikia mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours, Ufaransa, waliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ambayo waumini wangeielewa. Kilatini kilikuwa kimebaki bila mama. Kwa hesabu ya bwana yule, kilipaswa kuwa tasa.

Kumbe ndiyo kwanza kilikuwa kinazaa. Mwaka 841 mwanamke aitwaye Dhuoda, akiishi Uzès mbali na mumewe, alianza kumwandikia kitabu mwanawe William. Kijana alikuwa na miaka 15, amepelekwa kwa mfalme awe dhamana ya utii wa baba yake. Mtoto wa pili naye alichukuliwa akiwa mchanga, hajabatizwa bado, hata Dhuoda anapomtaja kitabuni hajui amepewa jina gani. Kitabu ni cha mausia: namna ya kusali, ya kumheshimu baba, ya kukaa na wakubwa. Mwana Kupona wa Pate naye alimuusia bintiye kwa utenzi mwaka 1858, kwa lugha aliyozaliwa nayo. Dhuoda aliusia kwa lugha ya kujifunza. Nimewasoma wote wawili, na uchungu wa mzazi sikuuona umepungua upande wowote.

Karne iliyofuata, mtawa wa Kisaksoni aitwaye Hrotsvit, wa Gandersheim, alimsoma Terence, mtunzi wa michezo ya kuchekesha wa Roma ya kale, akaona wanawake wa michezo ile hawana haya. Akatunga tamthilia zake sita. Katika mojawapo, mtawala anawanyemelea wasichana usiku, anapotewa na akili, anaishia jikoni akikumbatia masufuria na kutoka amejaa masizi.

Wanaodhani fasihi hii ni ya sakristia tu wauangalie muswada wa karne ya 13 ulioibuliwa mwaka 1803 katika monasteri ya Benediktbeuern, Ujerumani, unaoitwa Carmina Burana. Umesheheni nyimbo za mapenzi, za ulevi na za kamari, na ndani yake imo hata misa ya mzaha ya wacheza dadu. Waliotunga ni wasomi, watu waliokijua Kilatini kiasi cha kuweza kukichezea.

Hadithi nazo zilihamia humo. Katika karne ya 13 John wa Capua alikitia kitabu cha hadithi cha Kalila na Dimna katika Kilatini kutoka Kiebrania. Ndimo alimo nyani anayemponyoka rafiki msaliti kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Sisi tunamjua: ndiye kima aliyemhadaa papa, katika hadithi za Unguja alizochapisha Edward Steere mwaka 1870.

Ila kinachonivutia kuliko yote ni mizani. Virgil, bingwa wa Roma ya kale, hakutumia vina. Beti zake zilipimwa kwa silabi ndefu na fupi. Masikio ya watu wasiozaliwa na lugha hiyo yakapoteza tofauti ile, na washairi wengi wakageukia njia nyingine: wakahesabu silabi, wakapanga vina. Hesabuni Tantum Ergo mtaona mistari ya mizani 8 na 7 kwa zamu, vina vikipokezana. Upungufu wa mgeni ukawa ufundi, ukadumu hadi kinywani mwa bibi yangu.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe, aliviacha vina na mizani katika diwani yake Kichomi, mwaka 1974. Wapo waliosema huo si ushairi. Nadhani Virgil angesema vivyo hivyo kama angewasikia akina Tomaso wakitia vina.

Waliojifunza Kiswahili leo ni wengi kuliko waliozaliwa nacho. Tukisubiri mama zao wawanyonyeshe upya, tutasubiri sana. Pwani wanayo hazina ya lugha, nami huchota huko kila wiki. Lakini mchotaji naye huja na mtungi wake.

Nimeisoma tena ile insha. Ina makosa mawili ya ngeli, nimeyazungushia wino mwekundu. Sentensi ya mvua sikuigusa. Ni kweli, pwani hawasemi hivyo. Wakiisoma, huenda wakaanza.