Msiniambie mko na bakapu. Niambieni mlirejesha lini

Kuna sentensi moja nikiisikia damu inachemka: "Usijali, tuko na bakapu."

Niliambiwa hiyo sentensi nikiwa mwaka wa pili chuoni, nimesimama kwa dirisha la ofisi ya mitihani, foleni nyuma yangu imefika hadi kwa ngazi. Maksi za semesta nzima zilikuwa zimeenda. Si zangu peke yangu, za darasa letu lote. Kila mwanafunzi Kenya anajua ugonjwa wa maksi kupotea, lakini mara nyingi ni mhadhiri tu amesahau kuziingiza. Unamfuata wiki mbili tatu, yanaisha. Hii ilikuwa ingine. Mfumo ulianguka Jumanne usiku, na mama wa dirishani akatuambia kwa upole kabisa, msijali watoto wangu, tuko na bakapu, rudini Ijumaa.

Sasa ni miaka mitatu. Bado nangoja hiyo Ijumaa.

Chuo sikitaji, na usinitajie kwa komenti. Wahadhiri watano walikuwa wameweka maksi kwa laptopu zao ama kwa flashi, wakazirudisha. Wawili walikuwa wa kandarasi na walikuwa wameshaondoka. Kwa hivyo karatasi yangu ina masomo mawili yenye nyota, na nikaambiwa niyarudie, na kuyarudia ni kulipa tena. Mama yangu anauza omena Kibuye. Nilipomweleza, aliuliza kitu kimoja tu: "Kwani hawakuandika mahali pengine?"

Hilo swali la mama ndilo post yangu ya leo. Wale mnaonifuata kwa ajili ya video za samaki na machweo, leo mnivumilie.

Baada ya kuacha chuo nilikutana na fundi mmoja aliyekuwa kwa kile chumba cha mitambo usiku ule. Alikuwa ameshatoka pia. Tulikaa akaniambia, "Omera, ukweli nikuambie, mitambo tulikuwa nayo miwili. Ya bei." Akanichorea kwa nyuma ya risiti.

Kwanza uelewe snapshoti ni nini, kwa sababu hapo ndipo watu wakubwa wanadanganywa. Chukua daftari la deni la duka. Snapshoti si kutoa kopi ya daftari. Ni kusema: kuanzia sasa, kurasa zilizoandikwa hadi saa hii hakuna kufuta. Ukitaka kubadilisha deni la Mama Akinyi, andika kwa ukurasa mpya, ule wa zamani uache ulivyo. Ndiyo maana snapshoti inachukuliwa kwa sekunde, na mwanzoni haikuli nafasi karibu yoyote. Ni kitu kizuri sana, sibishi. Mtu akifuta faili saa nne asubuhi, unarudi kwa snapshoti ya saa tatu, maisha yanaendelea.

Lakini ni daftari lilelile. Likianguka ziwani, kurasa za zamani na mpya zinaenda pamoja.

Ndiyo sababu unanunua mtambo wa pili, unauweka mbali, na kila usiku wa kwanza unatumia wa pili. Na hautumi daftari zima. Mitambo yote miwili inakumbuka snapshoti moja ambayo iko huku na iko kule, kisha inatuma tu kurasa zilizobadilika tangu hapo. Hiyo snapshoti ya pamoja ndiyo kamba. Ikikatika upande mmoja, mtambo wa pili haujui uanzie wapi. Lazima uanze upya, utume kila kitu.

Basi sikia walichofanya. Laini kati ya mitambo ilikatika wakati wa likizo, ikakaa hivyo wiki kadhaa. Huku mtambo wa kwanza ukaanza kujaa, mtu akafuta snapshoti za zamani apate nafasi, na ile ya pamoja ikaenda nazo. Laini iliporudi, kunakili kukagoma. Kuanza upya kulitaka kutuma terabaiti 10 kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde. Piga hesabu: ni zaidi ya siku 9, na hapo hakuna mtu mwingine anatumia laini hata kidogo. Bosi akasema tungoje likizo ijayo. Mtambo ukawa unatuma barua pepe ya makosa kila usiku, kila usiku, kwa anwani ya jamaa aliyekuwa ameacha kazi.

Halafu diski. Mtambo wao ulijengwa kuvumilia diski mbili zikifa. Mbili zilikuwa zimekufa tayari, taa ya manjano ikiwaka, pesa za kununua zingine zikingoja sahihi. Jumanne hiyo ikafa ya tatu. Snapshoti zote za kila saa zilikuwa kwa diski hizohizo. Walipofungua mtambo wa pili wakapata kopi nzuri kabisa, safi, ya miezi saba nyuma.

Kwa hivyo yule mama wa dirishani hakutudanganya. Bakapu ilikuwepo. Shida ni hakuna mtu alikuwa ameifungua tangu siku ya kukata utepe.

Tumefundishwa akiba haiozi. Ya mahindi sijui, lakini ya data inaoza, na haitoi harufu.

Na msifikirie hii ni shida ya Afrika, ati sisi ndio hatujui. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake yote ni kuwekea waandishi wa programu kodi zao, injinia alikuwa anarekebisha kunakili kati ya seva mbili za database. Usiku, amechoka. Akafuta folda ya data kwa seva isiyofaa. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia bakapu. Ile ya kila siku ilikuwa haifanyi kazi, kwa sababu programu ya kuitoa ilikuwa ya toleo lisilolingana na la database. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Snapshoti za diski zilikuwepo kwa seva zingine, lakini kwa za database hazikuwa zimewashwa. Kilichowaokoa ni snapshoti moja ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama masaa sita mapema, kwa shughuli zake zingine kabisa. Bahati tupu.

Lakini wale jamaa walifanya kitu kimoja ninachokiheshimu kama mtu wa video: walirusha kazi ya kurejesha mubashara YouTube, watu maelfu wakitazama, na baadaye wakaandika kila kosa bila kumtupa yule injinia kwa simba. Chuo changu kilibandika notisi.

Korea Kusini je? Septemba 26, 2025, kituo cha data cha serikali huko Daejeon kilishika moto, chanzo betri za lithiamu. Hifadhi ya mafaili ya wafanyakazi wa serikali, terabaiti 858, ikaungua yote. Hakukuwa na kopi nje. Sababu iliyotolewa? Ati ni kubwa sana kunakili. Nchi inayotengeneza simu unayosomea hii post.

Sasa turudi hapa. Naandika nikiwa Milimani, Kisumu. Kwa msiojua, ni ile mitaa ya ua ndefu na miti mikubwa, nyumba za zamani zimegeuzwa ofisi na gesti. Mimi hupata riziki hapa, napiga picha na video za shughuli za ofisi. Mwezi uliopita niliitwa kurekodi ofisi moja ikipokea mtambo wao mpya wa bakapu. Chai ilikuwepo, mandazi, hotuba tatu, utepe mwekundu. Nikapelekwa kupiga picha kwa chumba cha mitambo, ambacho zamani kilikuwa stoo ya jikoni. Mtambo wa zamani uko chini, mpya uko juu yake. Soketi moja, kiyoyozi kimoja.

Nikauliza, kwa nini yote miwili iko hapa?

"Kebo ilikuwa fupi."

Naapa. Nikauliza tena kama wameshawahi kurejesha kitu. Akanitazama kama nimemuuliza mshahara. Video nilitengeneza, nikalipwa, nikaipost na muziki mtamu chini yake. Labda ndiyo maana sijalala vizuri. Zile ni rekodi za watu, watu wagonjwa, si video za machweo.

Na usiniambie Kisumu hakuna cha kuogopa. Mwaka 2020 ziwa lilifura mpaka kipimo cha Jinja kikapita rekodi ya 1964, waulize watu wa Dunga na Budalang'i. Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima.

"Basi tuweke klaudi tumalize." Sawa, weka, ni afadhali kuliko stoo ya jikoni. Lakini Mei 12, 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa ya kubembeleza Afrika Mashariki yote. Hebu jaribu kushusha terabaiti 10 siku kama hiyo, na wagonjwa wako kwa benchi. Mahali kopi iko ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni itachukua muda gani kurudi, na jibu la hiyo haliko kwa broshua, liko kwa saa ya ukutani siku umejaribu.

Kuna na hawa wanaojivunia kwamba kila badiliko linafika mtambo wa pili papo hapo. Vizuri. Basi na uharibifu unafika papo hapo. Wahalifu wakiingia wakafunga mafaili yako, mtambo wako wa pili utapokea mafaili yaliyofungwa, kwa uaminifu mkubwa. Na kwa sababu kila ukurasa umeandikwa upya, snapshoti zinafura ghafla, nafasi inaisha, na mtambo uliopangwa ujisafishe wenyewe unaanza kufuta zile za zamani, ambazo ndizo nzima. Ndiyo unataka zingine zilizofungwa, ambazo hata mwenye nywila kuu hawezi kuzifuta kabla ya siku zake. Maersk, hao wenye meli, walivamiwa Juni 2017, na seva zao za kutambua watumiaji, karibu 150 dunia nzima, zikafutika. Ikabaki moja, Ghana. Unajua kwa nini? Stima ilikuwa imepotea hapo ofisini, kwa hivyo ilikuwa imezimika. Kampuni ya mabilioni ikaokolewa na giza la Afrika. Mimi nilicheka hadi nikajishika tumbo.

Najua kuna mtu anaandika tayari, "wewe uliacha chuo, unatufundisha nini?" Boss, niliacha chuo kwa sababu ya hii mambo. Na kuna wa pili anasema bajeti hakuna. Bajeti ya utepe ilitoka wapi?

Kujaribu kurejesha hakutaki tenda. Mitambo mingi ya siku hizi inaweza kuchukua snapshoti iliyo kwa mtambo wa pili na kuifungua kama nakala ya kufanyia majaribio, bila kugusa asili na bila kula nafasi ya maana. Unaiunganisha na seva ya pembeni, unawasha database yako juu yake. Hapo ndipo utajua kama snapshoti ilichukuliwa database ikiwa imetulia ama katikati ya kuandika. Halafu, na hii ndiyo watu wa ICT hawapendi, unaita mtu wa kawaida. Yule wa dirishani. Unamwambia, mama, fungua faili ya mtu uliyemhudumia jana. Akiipata, andika tarehe na dakika zilizotumika. Asipoipata, umegundua Alhamisi alasiri badala ya Jumanne usiku. Ni alasiri moja kila miezi mitatu.

Wakati uko hapo, angalia kopi ya mwisho ilifika lini kule. Si kama taa ni ya kijani. Saa ngapi, tarehe gani. Na hizo barua pepe za makosa zinaenda kwa nani, na huyo mtu bado yuko?

Sheria iko, tusijifanye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inazungumzia uwezo wa kurejesha data za watu kwa wakati baada ya ajali. Kurejesha, si kununua. Kwa hivyo una haki ya kuuliza. Ukiwa chuoni, uliza kabla ya mitihani. Ukiwa umelazwa, tuma mtoto akuulizie.

Nimempigia tena yule bwana wa kebo fupi, nimemwambia nitamletea ya mita 50 kwa pesa yangu, na gesti ya jirani imekubali kutupa kona ya stoo yao, upande ule mwingine wa barabara. Bado si mbali vya kutosha, najua. Amesema ataongea na bosi, nirudi Ijumaa.