UFUNDI WA MOTOKAA: Kioo cha Kutazamia Nyuma

Wako watu wengi wanaodhani ya kuwa kioo cha kutazamia nyuma ni pambo tu la motokaa. Dhana hiyo si ya kweli. Mwaka 1911, katika mashindano ya Indianapolis huko Marekani, dereva Ray Harroun alifunga kioo mbele yake akaendesha peke yake, hali wenzake walichukua fundi wa kutazama ni nani awafuataye. Harroun ndiye aliyeshinda.

Katika Kenya motokaa za zamani zingali zinapendwa. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Tena mwaka 1970 yalianzishwa Nairobi mashindano ya motokaa zilizotunzwa vema, nayo yamefanyiwa mara nyingi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, usio mbali na Kibera. Waamuzi hukagua hata vitu vidogo. Basi kijana wa Gatwekera ajuaye kushika bisibisi kwa saburi aweza kupata riziki katika kazi hiyo.

Katika motokaa nyingi za miaka ile kioo cha ndani hakikugandishwa kwa gundi. Mguu wake umefungwa kwa skrubu katika bati lililo juu ya kioo cha mbele, na kitambaa cha dari kimebanwa chini yake. Kwanza fundi atazame kama kuna waya wa taa. Akiuona, aondoe waya wa betri. Pili, atie tone la mafuta mepesi katika kila skrubu kwa ncha ya njiti ya kiberiti, maana mafuta yakimwagika hutia kitambaa doa lisilotoka. Aache usiku kucha. Tatu, achague bisibisi inayojaa sawasawa katika mfuo wa skrubu, kwa kuwa iliyo ndogo huukwangua. Mkono mmoja ufungue, na wa pili ushike kioo kisianguke. Skrubu zote ziwekwe katika kikopo.

Ikiwa rangi ya fedha nyuma ya kioo imeliwa na unyevu, kioo cha kale kipelekwe kwa mkata vioo kiwe kipimo cha kipya. Kama cha kale kilikuwa bapa, kipya nacho kiwe bapa, kwa sababu kioo chenye mbinuko huionyesha motokaa ya nyuma kuwa mbali kuliko ilivyo, na dereva akidanganyika hivyo huweza kuingia njiani mbele yake.

Wakati wa kurudisha, skrubu zote zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Hapa ndipo wenye haraka huharibu kazi. Bati lile ni jembamba. Likikazwa kwa nguvu tundu hulika, na skrubu haishiki tena. Hapo hapana budi kutumia skrubu nene zaidi, na motokaa haiwi tena kama ilivyotoka kiwandani. Kioo kilicholegea nacho hutikisika, na dereva haoni ila ukungu.

Kazi ikiisha, dereva akae kama akaavyo aendeshapo, akigeuze kioo mpaka aone dirisha lote la nyuma bila kuinua kichwa.

Hata hivyo kioo kizuri kina mpaka wake. Huonyesha yapitayo mbele ya dirisha la nyuma, wala hakimwonyeshi mtoto aliyechutama karibu na bampa. Vichochoro vya Gatwekera ni vyembamba, na watoto huchezea humo humo. Kwa hiyo dereva anayetaka kurudi nyuma ashuke kwanza atazame kwa macho yake, au mtu mzima asimame kando amwongoze. Kushuka huko ni kazi ya dakika moja, na uhai wa mtoto haununuliki.