Toba Isiyotaja Kosa

Kulisoma Neno kila siku kuna hatua tatu: kusoma andiko, kujipima kwa andiko hilo, na kutengeneza kilichoonekana kimeharibika. Hatua ya kwanza inachukua dakika chache na wengi wanaifanya. Ya pili inahitaji ukimya. Ya tatu inamtoa mtu nyumbani kwake na kumpeleka kwa jirani, ndugu au mfanyakazi aliyemkosea, akiwa na kosa lake mdomoni. Mkristo anayeishia hatua ya kwanza hajatubu, hata akisoma Biblia nzima kila mwaka. Na katika Rungwe, wilaya yenye makanisa kila kilima, wanaoishia hatua ya kwanza ni wengi mno.

Mfano wa wiki hii ni wa kikao cha ukoo katika kijiji kimoja chini ya Mlima Rungwe, siku ya pili baada ya mazishi. Ndugu walikusanyika chini ya turubai, mvua ikinyesha kama kawaida ya Tukuyu. Aliyepewa nafasi ya kufungua kikao kwa Neno ni kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa wa miaka mingi. Alisoma Luka 18, habari ya Farisayo na mtoza ushuru waliokwenda hekaluni kusali. Akaeleza vizuri, pasipo haraka, kwamba Mungu humkataa anayejikweza na humpokea anayejishusha. Watu wakaitikia Amina.

Baada ya sala, mjane wa marehemu aliomba kusema. Alipiga magoti kidogo, akamwita shemeji yake "baba mkubwa" kama watoto wake wanavyomwita, akasema kwa sauti ya chini kwamba safu ya migomba kati ya mashamba mawili ilisogezwa hatua tatu kuingia upande wa mumewe. Alisema mumewe alilifikisha jambo hilo kwa kaka yake zaidi ya mara moja, akafa bila kujibiwa. Hakudai fidia. Aliomba tu mpaka urudi ulipokuwa, watoto wasije wakagombana na binamu zao.

Mzee wa kanisa alisimama, akashika Biblia yake kwa mikono miwili, akajibu: "Mimi ni binadamu. Kama kuna yeyote niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutokujua, ninamwomba anisamehe, na mimi nimewasamehe wote." Turubai zima likasema Amina. Mwimbishaji akaanzisha wimbo. Wimbo ulipokwisha, katibu akasoma orodha ya michango ya msiba. Mjane alikuwa ameshakaa. Migomba haikutajwa tena.

Jibu la namna hiyo linasikika kila mahali: kwenye misiba, kwenye mikutano ya ushirika, kwenye sherehe za kuagana kazini, hata majukwaani wakati wa siasa. Limezoeleka kiasi kwamba linapokewa kama toba. Linastahili kufunguliwa kipande kwa kipande, kwa sababu kila kipande chake kinaficha jambo.

Kipande cha kwanza kinaweka shaka. Kosa lililotajwa dakika moja iliyopita, mbele ya watu, linageuzwa kuwa jambo ambalo labda lipo na labda halipo. Kipande cha pili kinamfuta aliyekosewa. Mjane alikuwa ameketi mbele ya shemeji yake, ana jina na ana uso, lakini akaombwa msamaha "yeyote". Kipande cha tatu kinachanganya aliyekanyaga mguu wa mwenzake gizani na aliyeng'oa migomba mchana kweupe. Safu ya migomba haihami kwa kutokujua. Kipande cha nne ndicho kibaya kuliko vyote: mwenye kosa anajipandisha kwenye kiti cha msamehevu. Anawasamehe wote, akiwemo mwanamke ambaye hakumkosea lolote ila kumkumbusha.

Matokeo yake ni mabaya zaidi ya ukimya. Kama mzee yule angenyamaza, mjane angebaki na haki ya kuuliza tena. Baada ya msamaha ule wa jumla na Amina yake, akifungua kinywa ataambiwa ana uchungu moyoni, hataki kusamehe, anavunja ukoo. Mzigo umehamishwa kutoka mabegani mwa aliyechukua ardhi na kuwekwa mabegani mwa aliyenyang'anywa, na umehamishwa kwa jina la Mungu. Hilo ndilo linalotia hasira. Kuchukua hatua tatu za ardhi ni wizi. Kuzifunika hatua hizo kwa Neno la asubuhi ni kulitaja bure jina la Bwana, na amri inayokataza jambo hilo inatajwa katika Amri Kumi kabla ya ile ya wizi.

Andiko alilolisoma mzee lilitosha kumsaidia kama angeendelea nalo. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, akajipiga kifua, akamwomba Mungu rehema. Pale alikuwa anasema na Mungu peke yake, na sala yake ilikuwa fupi. Lakini Luka hakuishia hapo. Katika sura inayofuata anamleta mtoza ushuru mwingine, Zakayo wa Yeriko, na huyu yuko mbele ya watu wanaomfahamu. Zakayo anataja mali, anataja njia aliyoipatia na anataja kiasi cha kurudisha: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Sura hizo mbili zinasomwa pamoja. Ya kwanza ni moyo uliopondeka, ya pili ni mkono unaorudisha.

Torati nayo haikuacha nafasi ya msamaha wa jumla. Hesabu 5 inaagiza kwamba aliyemkosea mwenzake aiungame dhambi aliyoitenda, alipe alichokichukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Katika Mathayo 5, Yesu anamwambia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka mkononi, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo hapo aende akapatane kwanza. Ibada inasubiri upatanisho. Kwenye kikao cha wiki hii upatanisho ulisubirishwa na ibada, kisha ukasahauliwa.

Rungwe haina kisingizio cha kutolijua hili, maana imelirithi mara mbili.

Urithi wa kwanza ni wa Kanisa la Moravian. Mwaka 1727, kijiji cha Herrnhut huko Saxony, Ujerumani, kilikuwa kimejaa ugomvi wa wakimbizi wa dini walioishi kwenye ardhi ya kabaila Zinzendorf, kiongozi wao. Walikuwa watu wa sala nyingi na maneno makali. Kiongozi huyo alipita akizungumza nao, watu wakakubaliana kwa maandishi namna ya kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti wakapatana katika Meza ya Bwana kwenye kanisa la Berthelsdorf. Mwaka uliofuata, Mei 1728, ulianza utaratibu wa kutoa andiko moja kwa kila siku, likipelekwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 maandiko hayo yalichapwa kuwa kitabu, na hadi leo kitabu hicho hutolewa kila mwaka, kikisomwa katika lugha nyingi duniani. Mstari wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura huko Herrnhut, kisha mstari wa Agano Jipya hutafutwa wa kuendana nao.

Mpangilio wa matukio hayo una somo. Neno la kila siku lilianza kupita nyumbani kwa watu waliokuwa wamekwisha kutazamana usoni na kupatana. Lililetwa kuulinda upatanisho uliokuwepo, na aliyelipeleka aliingia ndani, akaona hali ya nyumba. Wamoravian hao walikuwa na utaratibu mwingine pia: kabla ya Meza ya Bwana, kila mshirika alizungumza faragha na kiongozi wa roho kuhusu hali yake, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Wamisionari wa kwanza wa Moravian waliofika Unyakyusa mwaka 1891 na kuanzisha kituo cha Rungwe walilelewa katika kanisa la namna hiyo. Wamisionari wa Berlin, waliofika mwaka huo huo na kupanda mbegu ya Kilutheri, nao walikuja na katekisimu inayofundisha kuungama.

Urithi wa pili ni wa Wanyakyusa wenyewe, na ni wa zamani kuliko kanisa lolote la wilaya hii. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya mila za ukoo. Alieleza kwamba katika mila hizo hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa chanzo cha magonjwa na mikosi. Kabla ya kuomba heri, ndugu walitakiwa kuutoa ugomvi wao nje kwa maneno, kila mmoja akisema kilichomkwaza. Ndipo mkubwa wa ukoo alipopuliza maji kutoka kinywani, ishara kwamba hasira imetoka. Sala iliyofanywa na watu wanaonuniana ilionekana haina nguvu.

Mababu wasiosoma Luka walijua kwamba kikao cha ukoo hakiendelei mpaka jambo lisemwe. Wajukuu wenye Biblia, vitabu vya nyimbo na Neno la siku kwenye simu wanapitisha jambo lile lile chini ya Amina. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukoo unaoficha mpaka wa shamba utaumbuliwa na watoto wake mahakamani.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda karibu na mwaka 1930 na kuingia Tanganyika kupitia Kagera, ulitambulika kwa jambo hili hili. Waliookoka walitaja dhambi zao wazi na kurudisha vitu walivyoiba. Majirani waliamini wokovu wao walipoona mali inarudi.

Sababu ya kupotea kwa desturi hii ni cheo. Uzee wa kanisa, uenyekiti wa kwaya, ukatibu wa jumuiya, vyote vimekuwa ngao. Anayefungua kikao kwa Neno anahesabiwa kuwa ameshatakaswa na kazi hiyo, na anayemhoji anaonekana anahoji Neno lenyewe. Andiko limekuwa ajenda namba moja, la kusomwa ili ajenda namba mbili ianze. Ndivyo ilivyo kwenye vikoba, ndivyo ilivyo ofisini, ndivyo ilivyo kwenye makundi ya simu, ambako kabla ya saa moja asubuhi mtu amekwisha kutuma mstari na picha ya maua kwa watu mia, akiwemo yule anayemdai mshahara wa miezi miwili.

Makanisa yenyewe hayakusalimika. Mgogoro wa Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuhusu makao makuu, kati ya Tukuyu na Mbeya, uliofika kilele mwaka 2022, ulihusu watu wanaosoma Biblia ile ile na kuungama dhambi kwa liturujia ile ile kila Jumapili. Ungamo la pamoja kanisani ni jema na ni la kale. Haliwezi kufanya kazi ya kumwendea mtu mmoja na kumwambia jambo moja.

Wapo wanaosema kwamba kutaja kosa mbele ya watu humdhalilisha mkubwa na kuwavunjia watoto heshima. Hoja hiyo ina uzito mahali ambapo heshima ya wazee ni nguzo ya nyumba. Lakini Mathayo 5 haidai kipaza sauti. Inadai miguu. Mzee anaweza kwenda kwa mjane jioni, akaketi naye pamoja na shahidi mmoja, akasema: "Mama, migomba niliisogeza mimi. Nilikosa. Kesho tutaweka mpaka ulipokuwa." Maneno hayo hayamshushi mtu mbele ya wanawe. Kinachomshusha ni watoto kukua wakipita kila siku kwenye shamba ambalo wote wanajua ni la nani.

Na pale kosa linapotajwa kikaoni, kama ilivyotokea wiki hii, mwenyekiti wa kikao ana wajibu. Asipokee msamaha wa jumla. Aulize mambo matatu: kosa ni lipi, amekosewa nani, na litatengenezwa lini. Majibu matatu yakipatikana, sala ifuate. Yasipopatikana, kikao kiseme wazi kwamba jambo limebaki, na siku ya kulirudia itajwe. Waliohudhuria nao wazuie vinywa vyao. Amina inayosemwa upesi juu ya kosa lisilotajwa ni kura ya kumpitisha mkosaji.

Wachungaji wa Tukuyu, Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste, wanaweza kulianza jambo hili katika jumuiya zao Jumapili hii bila kungoja waraka wa jimbo wala wa dayosisi. Walifundishe kwenye mafundisho ya kipaimara, walitake kwa wanaojiandaa kwa ndoa, na wawe wa kwanza kulifanya. Mzee wa kanisa asiyeweza kulitaja kosa lake kwa aliyemkosea asipewe Biblia kufungua kikao cha mtu yeyote.