Weusi wa tinti si kipimo cha ubaridi

Gari likishatoka bandarini Dar es Salaam, wamiliki wengi hulipitisha kwanza Gerezani na mitaa ya Kariakoo ili kufunga redio, kununua mazulia na kubandika tinti. Sababu inayotolewa ni jua, nayo ni ya haki. Mfanyabiashara aliyeegesha juani tangu asubuhi anajua usukani unavyochoma, na anajua mchicha uliobaki kiti cha nyuma huwa na hali gani ifikapo saa nane.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua tinti kwa weusi wake, kana kwamba giza ndilo ubaridi. Takribani nusu ya nguvu ya jua huja kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Tinti iliyotiwa rangi tu hupunguza mwanga kuliko inavyopunguza joto, na baada ya muda hufifia na kugeuka zambarau. Tinti ya seramiki, ambayo ni ghali zaidi, yaweza kuonekana nyepesi na bado ikazuia joto vizuri. Mkulima wa kitalu nyumba halishangai hili: nailoni isiyotengenezwa kuhimili jua huchanika mapema, ingawa dukani ilifanana na nyingine.

Urahisi wa bei nao una hesabu yake. Tinti ikitoa mapovu lazima ibanduliwe, na kwenye kioo cha nyuma mara nyingi huondoka na zile nyaya nyembamba za kukausha ukungu. Aidha, kazi hii ya maji ya sabuni, kibao cha mpira na hewa ya moto haipatani na vumbi. Ikifanyika kando ya barabara huku malori yakipita, punje za mchanga hunasa chini ya tinti. Fundi mwenye banda lililofungwa anastahili kuongezewa kidogo.

Lililo zito zaidi ni vioo vya mbele. Magari ya mazao huingia mjini usiku wa manane na alfajiri, saa ambazo wapagazi na wasukuma mikokoteni wako barabarani bila taa. Kioo kinachopitisha asilimia 80 ya mwanga, kikibandikwa tinti ya asilimia 35, hubaki kikipitisha asilimia 28 tu. Uingereza, ambako jua si kali hivyo, sheria hudai vioo vya ubavuni mwa dereva vipitishe angalau asilimia 70, na kioo kikuu cha mbele asilimia 75 kwa magari mengi. Dereva wa Kariakoo anahitaji kumwona msukuma mkokoteni anayetokea ubavuni, gizani, akiwa na magunia yaliyomzidi kimo.

Anayetaka tinti nyeusi aibandike vioo vya nyuma, ilipo mizigo. Fundi atamdai vipande vichache, na bei itashuka.